Mgeni Anayempa Mwenyeji Jembe: Seli Inavyojilinda na Virusi

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kirusi huipindua methali hiyo. Huja bila mikono, bila jiko na bila akiba ya chakula. Ni uzi mfupi wa maelekezo uliofungwa ndani ya ganda la protini. Kikishaingia ndani ya seli, chenyewe ndicho humkabidhi mwenyeji jembe, na ikifika siku ya tatu shamba zima linalimwa kwa ajili ya watoto wake. Wataalamu wa biolojia huiita seli iliyovamiwa "seli mwenyeji", na sioni jina ambalo lingefaa zaidi.

Ninaandika juu ya mwenyeji huyu na namna anavyojitetea kwa sababu mengi tunayoyafanya majumbani tunayafanya bila kumjua. Tunameza antibiotiki kwa ajili ya mafua. Tunaacha ARV pale tunapojisikia wazima. Mtoto akiumwa na mbwa tunasubiri kwanza tuone kama mbwa atakufa. Anayejua kinachoendelea ndani ya seli katika saa za mwanzo hawezi kuamua hivyo.

Mlangoni

Si kila seli humfungulia kila mgeni. Kirusi hutafuta protini fulani juu ya utando wa seli, kama ufunguo unavyotafuta kitasa chake. VVU hushika kwanza protini iitwayo CD4, kisha nyingine, mara nyingi ile iitwayo CCR5. Wapo watu wachache, wengi wao wa asili ya Ulaya ya Kaskazini, waliorithi kwa baba na kwa mama jeni ya CCR5 yenye pengo. Kwao kitasa hicho hakipo, na VVU vingi hugonga bila kufunguliwa. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alipandikizwa uboho wa mtu wa aina hiyo mwaka 2007 ili atibiwe saratani ya damu. VVU vikatoweka mwilini mwake, na havikurudi hadi alipofariki mwaka 2020 kwa saratani ile ile. Upandikizaji wa uboho ni tiba ya hatari inayoweza kuua yenyewe, kwa hiyo hakuna anayeupendekeza kwa mtu anayeishi vizuri kwa vidonge. Lakini kisa chake kilionyesha wazi kwamba kitasa kikikosekana, mgeni hubaki nje.

Hata kirusi kilichopita mlangoni hakijafika jikoni. Kirusi cha homa ya mafua humezwa na seli ndani ya kifuko kidogo, na lazima kitoboe kifuko hicho ili kimwage mzigo wake. Hapo hukutana na protini iitwayo IFITM3, inayoukaza utando wa kifuko usitoboke kirahisi. Wengine huzaliwa na IFITM3 dhaifu, na watafiti wamekuta watu hao ni wengi kupita kawaida miongoni mwa wagonjwa wanaolazwa kwa mafua makali. Kwa hiyo jirani yako anapolala wiki nzima kwa ugonjwa ambao wewe uliupita kwa siku mbili, usifanye haraka kumwita mdeko.

Kengele ya jirani

Seli hujuaje kwamba uzi huu wa maelekezo, uitwao RNA, ni wa mgeni, ilhali nayo ina RNA zake maelfu? Hutazama kichwani. Jumbe halali zinazotoka kwenye kiini cha seli huvikwa kofia ya kikemikali mwanzoni mwake. RNA ya kirusi mara nyingi huwa kichwa wazi, au huwa imejikunja kwa nyuzi mbili kwa namna ambayo RNA zetu haziwi. Ndani ya seli kuna protini za doria, mojawapo ikiitwa RIG-I, ambazo kazi yake ni kukagua vichwa hivyo. Kirusi cha homa ya mafua kinalijua hilo, kikafanya wizi ambao kila nikiusoma hunishangaza: hunyofoa kofia za jumbe za seli na kuzivika jumbe zake chenyewe. Hata hivyo nyuzi zake kuu hubaki bila kofia, na doria huziona.

Doria ikishituka, seli hupiga kengele. Kengele hiyo tuliijua mwaka 1957, katika maabara ya Mill Hill mjini London. Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua utando wa ndani ya yai la kuku, wakauchanganya na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Kisha wakachukua maji yaliyouzunguka utando ule, wakayamwagia utando mwingine mpya, ndipo wakauwekea virusi hai. Virusi vile hai vilishindwa kustawi. Ndani ya maji yale kulikuwa na kitu kilichotolewa na seli za kwanza, kikaziandaa seli za pili ambazo hazijawahi kukutana na kirusi chochote. Wakakiita interferoni.

Maana ya ugunduzi ule ni kubwa kuliko mayai yale. Seli iliyoshikwa huenda isipone, lakini kabla haijafa huwatangazia majirani. Jirani anayepokea interferoni huwasha mamia ya jeni kwa mkupuo. Hutayarisha vimeng'enya vya kukatakata RNA. Huandaa protini iitwayo PKR, ambayo kirusi kikigusa tu hufunga jiko, yaani husimamisha utengenezaji wa protini zote, za mgeni na za mwenyeji pamoja. Na ikibidi, seli hujiua yenyewe mapema kabla watoto wa kirusi hawajakomaa. Mwili hupoteza seli moja, na kirusi hupoteza maelfu ya watoto ambao wangezaliwa humo.

Kengele hii ikikosekana tunaona hasara yake. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, watafiti waliwapima wagonjwa 987 waliokuwa katika hali ya kuhatarisha maisha. Wagonjwa 101 kati yao walikuwa na kingamwili zilizokosea njia, zinazoishambulia na kuizima interferoni ya mwili wao wenyewe. Miongoni mwa watu 663 walioambukizwa kirusi kile kile wakaugua kidogo tu au wasiugue kabisa, hakuonekana hata mmoja.

Hapa ndipo ningependa msomaji atue kidogo, kwa sababu kengele hii tunaisikia sote. Baridi inayokutetemesha, viungo kuuma, kukosa hamu ya kula, uchovu wa kutaka kulala tu: sehemu kubwa ya hayo hayaletwi na kirusi moja kwa moja. Huletwa na interferoni na wajumbe wenzake. Tunajua hivyo kwa sababu zamani wagonjwa wa homa ya ini walikuwa wakidungwa interferoni kama dawa, na jioni ya sindano walijisikia kama mtu aliyeshikwa na mafua makali, ingawa hakuna mafua yoyote yaliyoingia.

Basi ukipata homa, fanya hivi. Huku kwetu jambo la kwanza ni kupima malaria, kwa sababu homa ya malaria na homa ya kirusi hazitofautishwi kwa kushika paji la uso. Ikiwa si malaria, na mgonjwa anakunywa, anakojoa na anaongea vizuri, mpe maji mengi, mwache alale, na mshushie maumivu kwa parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa ya virusi. Na msimu wa dengi, ambayo Dar es Salaam imeijua kwa milipuko ya miaka kadhaa, epuka pia dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hadi dengi iondolewe kwa kipimo, kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, au akilegea kiasi cha kutoamka vizuri, usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Antibiotiki haina kazi hapa. Dawa hizo hushambulia mitambo ya bakteria: ukuta wake, jiko lake la kutengenezea protini. Kirusi hakina ukuta wala jiko. Kinatumia jiko lako. Muuza duka akikupa amoksilini kwa mafua ya kawaida, umelipia dawa isiyo na mahali pa kugonga, na umewafundisha bakteria waliomo mwilini mwako namna ya kuizoea. Vivyo hivyo, chupa zinazouzwa kwa maneno ya "kuongeza kinga" hazina ushahidi kwamba zinaiwasha kengele niliyoieleza. Chai ya tangawizi hulainisha koo, nayo hunyweka vizuri. Hiyo inatosha kuinywa.

Mtego, mpotoshaji na kamba

Sehemu iliyosomwa kwa kina kuliko zote ni vita ya seli na VVU, na ndiyo inayotugusa zaidi katika ukanda huu. Kwa miaka mingi watafiti walisumbuliwa na swali moja: kwa nini VVU vya binadamu vinashindwa kuota katika seli za kima wa Asia aitwaye rhesus, ingawa mlango wa kuingilia upo? Mwaka 2004, kundi la Joseph Sodroski mjini Boston lilipata jibu. Seli za kima huyo zina protini iitwayo TRIM5α. Kirusi kinapoingia kikiwa bado kimevaa ganda lake, TRIM5α hujisuka juu ya ganda hilo kama wavu wa dema, na ganda huvunjika kabla ya wakati. Mzigo ulio ndani huharibika. Binadamu nasi tunayo TRIM5α, lakini yetu huteleza juu ya ganda la VVU bila kushika vizuri.

Mlinzi wa pili aligunduliwa mwaka 2002 na Ann Sheehy, Michael Malim na wenzao. Anaitwa APOBEC3G, na kazi yake ni kupotosha maandishi. Hupanda kama abiria ndani ya virusi vipya vinavyotoka kwenye seli, kisha vinapofika seli nyingine na kuanza kunakili RNA yao kuwa DNA, yeye hubadilisha herufi moja kuwa nyingine, mara nyingi mno, mpaka maelekezo hayasomeki. Kitabu kizima hujaa makosa ya chapa. VVU vilijibu kwa protini yao iitwayo Vif, ambayo humkamata APOBEC3G na kumkokota hadi kwenye mtambo wa seli wa kusagia taka.

Wa tatu, SAMHD1, hutumia njaa. DNA hujengwa kwa matofali madogo, na SAMHD1 huyamaliza ghalani katika baadhi ya seli, ili kirusi kikianza kujenga kikose tofali la kuweka.

Wa nne ndiye mwenye historia iliyoniuma zaidi nilipoisoma. Tetherini, iliyotambuliwa kazi yake mwaka 2008, ni kamba. Upande mmoja umefungwa kwenye utando wa seli, upande mwingine hushika kirusi kipya kinachotaka kuondoka, kikabaki kinaning'inia nje bila kwenda popote. Sokwe naye anayo, na kirusi cha sokwe, ambacho ndicho babu wa VVU, kilijifunza kuikwepa kwa kutumia protini iitwayo Nef. Lakini tetherini ya binadamu imepungukiwa na kipande kidogo, viungo vitano vya protini tu, na kipande hicho ndicho Nef ilichokuwa inashika. Kwa hiyo kirusi cha sokwe kilipomwingia binadamu kwa mara ya kwanza, kusini mashariki mwa Kameruni, kilikutana na kamba ambayo hakikuweza kuikata.

Kilikuja kuweza. Katika tawi moja la VVU, liitwalo kundi M, protini nyingine iitwayo Vpu ilibadilika ikaanza kuiondoa tetherini ya binadamu. Kundi M ndilo lililosambaa kutoka Kinshasa kuanzia takriban miaka ya 1920, wakati huo mji ukiitwa Léopoldville, likafuata reli na mito, likaifikia dunia nzima. Matawi mengine ya VVU-1, aina kuu ya VVU, yapo, lakini yamebaki madogo, mengi yake Afrika ya Kati. Sababu za kuenea ni nyingi, zikiwemo sindano zisizochemshwa na miji iliyojaa watu waliong'olewa makwao. Ila wataalamu wengi wanaamini kwamba kamba ile iliyokatika ilichangia.

Siku ya tatu

Kwa nini daktari hutaja saa 72? Mtu akikutana na VVU, iwe kwa kubakwa, kondomu kupasuka au muuguzi kujichoma sindano, virusi vya kwanza huwa vichache. Huangukia seli chache za mahali pale vilipoingilia, na hapo hupambana na walinzi niliowataja. Vikishinda hubebwa hadi kwenye tezi, na humo huchomeka DNA yao ndani ya DNA ya seli zetu. Tangu hapo hakuna mlinzi wala dawa iliyopo leo kliniki inayoweza kuing'oa. Ni lazima msaada ufike kabla ya hapo.

Msaada huo ni dawa kinga ziitwazo PEP. Zinaanzwa ndani ya saa 72, na saa ya pili ni bora kuliko saa ya ishirini. Unameza kwa siku 28 bila kuruka, kisha unapimwa tena kama mtoa huduma atakavyokupangia. Ulizia katika hospitali au kituo chochote chenye kliniki ya VVU, hata usiku. Aliyebakwa aanzie kituo cha afya. Saa hizo zisiishie kwenye benchi la kusubiri fomu ya polisi. Na msindikize, usimwache aende peke yake.

Ukitazama vidonge vyenyewe utaona vinafanya kazi ambayo seli ilikuwa inaijaribu. Tenofovir na lamivudini ni matofali ya bandia: kirusi kikiyaweka ukutani, ujenzi wa DNA husimama. Ndiyo njia ya SAMHD1, ila kwa hila badala ya njaa. Dolutegravir huzuia kuchomekwa kwa DNA ya kirusi ndani ya yetu. Na lile ganda ambalo TRIM5α ya kima hulishika, sasa lina dawa yake. Lenakapavir hulishika ganda la VVU na kulivuruga, nayo ni sindano ya mara mbili tu kwa mwaka. Ilipojaribiwa kama kinga kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kati ya 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Julai 2025, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Kigali, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi. Ulizia kliniki yako kama imefika. Kama bado, vidonge vya kinga vya kila siku, PrEP, vinafanya kazi vikimezwa.

Kwa anayeishi na VVU, picha hii inaeleza mambo mawili ambayo wahudumu husema kila siku bila muda wa kuyafafanua. La kwanza: kujisikia mzima hakumaanishi DNA ya kirusi imetoka. Imelala. Ukiacha dawa, jembe linarudi mikononi mwa mwenyeji baada ya wiki chache. La pili: ukizimeza vizuri hadi kipimo kisivione virusi kwenye damu, huwaambukizi wenzi wako kwa ngono. Hilo limethibitishwa, na linastahili kusemwa kwa sauti, majumbani na misikitini na makanisani.

Mgeni asiyebisha hodi

Nimemwacha wa mwisho anayeniogopesha kuliko wote, kichaa cha mbwa. Kirusi hiki hakipigi kelele. Protini yake moja, iitwayo P, huizuia seli isipige kengele, na pia huzuia majirani wasiitikie hata kengele ikilia. Kwa utulivu huo kirusi hupanda polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa wiki kadhaa au miezi. Hakuna homa ya onyo siku za mwanzo, kidonda hupona, watu husahau. Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa kuwa seli imezibwa mdomo, wewe ndiye utakayepiga kengele kwa niaba yake. Chanjo hufanya hivyo hasa: huuamsha mwili utengeneze kingamwili wakati kirusi kingali njiani. Mbwa, paka, mbweha au mnyama mwingine yeyote anayeweza kuwa na kichaa akimuuma au kumparura mtu, nenda kaanze chanjo siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mnyama atakufa. Kidonda kilichopenya ngozi, hasa kikubwa au cha kichwani na shingoni, huhitaji pia kingamwili zilizo tayari, zinazodungwa ndani na kuzunguka jeraha. Uliza kuhusu hizo. Hata kama wiki zimepita na dalili hazijaanza, nenda tu.

Lakini kabla ya kutafuta bodaboda, kuna dakika kumi na tano za kwanza. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevaa utando wa mafuta, na mafuta huyeyushwa na sabuni. Weka jeraha chini ya maji yanayotiririka, ya bomba au ya kumiminiwa kwa kopo, na osha kwa sabuni dakika kumi na tano kamili, ukiangalia saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Sabuni ya mche ya kufulia inatosha.